Namba ya Rais

Vijana wenzangu, kila siku mnaniuliza, "Kesi yangu imefika wapi?" utadhani kuna mtu hapa kambini ameikalia. Hapana jamani. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ya 1980, aliyoisaini Carter, inamwachia Rais kupanga kila mwaka idadi ya watakaopokelewa, akishauriana na Bunge lao. Ya 2016 ilikuwa 85,000. Ya 2020 ikashushwa hadi 18,000. Januari 2025 mapokezi yakasimamishwa, hata wenye tiketi safari zao zikafutwa. Na sisi kule hatupigi kura! Ndiyo maana nakasirika nikiona kijana anaacha kidato cha tatu eti "mimi nasafiri". Rafiki yangu aliuza cherehani akisubiri ndege. Sasa anakodi ya jirani.