PS5, Xbox au Nintendo? Kabla hujaniagiza, soma hapa kwanza

Najua nimepotea hapa kwa muda, zamu za usiku zinanimaliza. Lakini mwezi huu nimepokea ujumbe wa tatu wenye swali lile lile: "Mjomba, ukija Desemba niletee gemu. Ipi kali, PS5 au Xbox?" Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike mara moja, wote msome. Na nyie dada na kaka zangu mnaotumwa na watoto wenu msome pia, maana hela inayotoka hapa si ya mchezo, ingawa ni ya mchezo (teh teh).

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa sisi, "ipi kali" si swali la kwanza. Ubishi huo ni kama Simba na Yanga, mtakesha na hakuna atakayehama. Swali la kwanza ni hili: mashine ina mahali pa kuingizia sidii?

Nimelijua hilo kwa kuumia. Miaka miwili iliyopita nilimnunulia mpwa wangu wa Tanga mashine mpya kabisa. Sitaji ni ya kampuni gani, kwa sababu kampuni zote mbili kubwa zina toleo la namna ile, na kosa lilikuwa langu. Dukani nilikuta za aina mbili zimepangwa pamoja, moja bei nafuu zaidi. Mwenyewe nikajiona mjanja, nikabeba ya bei nafuu. Kumbe unafuu ule ni kwa sababu haina mlango wa sidii. Kila gemu lazima ulishushe kwa intaneti.

Huku Uingereza hilo halina shida, intaneti ya nyumbani nalipia kwa mwezi, nashusha nitakavyo. Ngamiani ni habari nyingine. Kwanza kuiwasha tu mashine ikataka intaneti ijisasishe. Kijana akaunganisha simu ya mama yake, bando la wiki likaisha kabla ya jua kuzama. Gemu la mpira nililomlipia kwa kadi yangu lilikuwa makumi ya GB. Na hilo si kubwa, yapo magemu siku hizi yanazidi GB 100. Akahangaika nalo wiki nzima, usiku usiku, mpaka dada yangu akasema basi, hela ya bando ni hela ya mboga.

Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Ahsante mjomba, nitacheza siku moja." Halafu siku moja tunaongea kwa video, nikaiona ile mashine iko juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Imekuwa pambo! Jamani, iliniuma. Miezi mitatu ya kujinyima imefunikwa kitambaa.

Haya, sasa tuzipitie moja moja.

PS5. Ilitoka Novemba 2020, hapa kwa takriban pauni 450 yenye sidii na 360 isiyo na sidii. Nguvu inayo, lakini kwetu uzuri wake mkubwa ni kwamba yenye sidii inasoma pia karibu sidii zote za PS4. Angalieni tu jina kwenye boksi: ikiandikwa Digital, jua haiji na mlango wa sidii. Hata PS5 Pro ya Novemba 2024, ambayo ilitoka kwa pauni 700, haiji na mlango wa sidii, unaununua pembeni. Mtu akikuambia "nimekuletea ile ghali kabisa", usishangilie haraka.

Xbox. Nazo zilitoka Novemba 2020, mbili: Series X, karibu pauni 450, na Series S, 250. Series S ni ndogo, nzuri, haili umeme mwingi, lakini sidii hakuna. Series X yenye mlango inasoma sidii za Xbox One na baadhi za Xbox 360, hapo nawapa heko. Sifa yao kubwa ni Game Pass, unalipa kwa mwezi na kucheza mamia ya magemu. Mimi mwenyewe niliitumia na kuipenda. Lakini Oktoba 2025 daraja la juu lilipanda hapa kutoka pauni 14.99 hadi 22.99 kwa mwezi. Piga hesabu: kwa bei hiyo, kwa mwaka ni karibu pauni 276, na ukiacha kulipa huna gemu hata moja mkononi. Ni kama kupanga nyumba. Kupanga si vibaya, lakini usimpangishie mtoto nyumba ambayo kodi yake ataidaiwa mama yake.

Nintendo. Switch ya kwanza ilitoka Machi 2017, na Switch 2 Juni 2025. Nguvu yake ni ndogo kuliko hizo nyingine, na watoto wa mjini wanaidharau. Lakini ina betri. Umeme ukikatika katikati ya mechi, mwenye PS5 anapiga kelele na mwenye Switch anaendelea! Na hata kwenye luku ina huruma: PS5 ikicheza gemu kubwa hula karibu wati 200, yaani masaa matano ni yuniti moja, wakati Switch ya kwanza haifiki wati 20. Gemu zake zinakuja kwenye kadi ndogo. Ubaya wake ni kwamba magemu ya Nintendo wenyewe hayashuki bei kwa urahisi, na kadi nyingine za Switch 2 ni ufunguo tu, gemu lenyewe unalishusha kwa intaneti. Tumerudi pale pale.

Mnaona sasa kwa nini nang'ang'ania sidii? Sidii unaazima. Unabadilishana na mwenzio mtaa wa pili. Ukiichoka unaiuza. Mwaka 2013 Microsoft walitaka Xbox One ijitambulishe kwa intaneti kila baada ya saa 24, na gemu lililotumika liuzwe au kuazimwa kwa masharti yao. Sony wakatoa video fupi sana ya kuwacheka: jinsi ya kumwazima mwenzio gemu la PS4. Mtu anampa mwenzake boksi la sidii, basi, imekwisha. Wateja walikasirika na mwezi ule ule Microsoft wakaufuta mpango. Leo hakuna anayekasirika, mlango wa sidii unaondolewa polepole na sisi tunashangilia unafuu.

Najua kuna watakaoniambia mjomba umepitwa na wakati, Dar kuna faiba. Sawa, aliye na faiba na aombe atakayo. Lakini hata huyo akumbuke habari ya akaunti. Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu liliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo rasmi, na nyingi za kwetu Afrika zilikuwamo. Walirudi nyuma kuhusu akaunti, lakini ile orodha ilitueleza tulipo kwenye hesabu zao. Ndiyo maana watu wanafungua akaunti za kusema wanaishi London.

Kwa hiyo ushauri wangu. Kabla hujaniagiza, zunguka mtaani uulize wenzio wana nini. Mashine nzuri kuliko zote ni ile ambayo jirani yako ana sidii zake. PS2 ilitawala vibanda vyetu vya gemu si kwa sababu ilikuwa na nguvu, ni kwa sababu sidii zilizunguka. Ilitoka mwaka 2000 na bado ikatolewa FIFA 14 mwaka 2013. PS4 nayo ni ya mwaka 2013, na EA Sports FC 26 ya Septemba 2025 imetoka kwa PS4 pia. Iliyotumika inapatikana hapa chini ya nusu ya bei ya PS5 mpya. Na msisubiri mpya zishuke bei kama zamani: mwaka 2025 Series S hapa ilipanda hadi pauni 300, na PS5 isiyo na sidii hadi 430.

Mlio Marekani, kabla ya kutuma someni karatasi ya nyuma ya mashine. Kama haikuandikwa 100-240V, umeme wa nyumbani unaweza kuiunguza.

Mpwa wangu, Desemba nakuja na PS4 iliyotumika, padi mbili, na sidii tatu. Ile ya juu ya kabati nairudisha huku niiuze. Dada, kitambaa chako baki nacho.

Wasalaam, tuko pamoja.