Wacheni Kusingizia Printa

Wasee, hebu tuambiane ukweli. Ukiprinti ukurasa wa picha nyumbani utoke na nyuso zenye ukungu na vichwa vimekatwa, kitu ya kwanza unafanya ni kutukana printa. Ya pili ni kubonyeza "Print" tena. Faili ileile, kosa lilelile. Halafu unashangaa wino umeisha. Wazee walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sisi tunasingizia printa.

Printa inachapa ulichoipa, basi. Na mara nyingi tunaipa takataka.

Chukua picha ya WhatsApp. Ikitumwa kama picha ya kawaida, inabanwa ili iwe nyepesi. Kwa simu inakaa fiti juu skrini ni ndogo. Karatasi haidanganywi hivyo. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800 ndio itoke safi, yaani 300 kwa kila inchi. Ukileta 600 kwa 900, umeleta robo tu ya zile zinahitajika, na hakuna karatasi ya bei itakuokoa. Mwambie mwenye picha aitume kama dokumenti. Ni ujumbe mmoja tu, bana.

Vichwa kukatwa? Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4:3, na karatasi ya 4 kwa 6 ni 3:2. Ukitaka picha ijaze karatasi yote, lazima kitu kikatwe. Usipochagua wewe, programu itakuchagulia, na programu haimjui shosho yako.

Rangi kutoka giza? Skrini inawaka taa, karatasi haiwaki. Ongeza mwanga kwa picha kidogo kabla ya kuchapa. Wino unapakaa kwa vidole? Angalia kama umeweka karatasi ya kung'aa na kuambia mashine ni ya kawaida. Mistari katikati ya uso? Chapa kwanza ule ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Usikimbilie kusafisha mara tano, kila usafishaji unakunywa wino.

Najua kuna mtu anasema, "Si ni picha tu?" Sawa. Sasa fikiria kijitabu cha mazishi. Mtu anazikwa Jumamosi, na Alhamisi usiku familia inakupa kazi kwa sababu wewe ndio "mtu wa kompyuta". A4 moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hivyo kurasa lazima zihesabike kwa nne. Ukichapa pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitasimama kichwa chini. Na ukiweka uso wa marehemu pale kwa mkunjo, umemkunja mbele ya watoto wake.

Hakuna Jumamosi ya pili. Kile kijitabu kitakaa ndani ya Biblia ya mtu miaka na miaka, na pengine ndiyo picha pekee ya karatasi wajukuu watashika. Hapo ndio "printa iko hivyo tu" inageuka kuwa matusi. Na wale mnalipisha watu halafu mnawapea hiyo sentensi pamoja na kazi mbovu, nyinyi ndio naongelea haswa. Pesa ya mtu haikuwa "hivyo tu".

Hii kitu haitaki mashine mpya. Chapa nakala moja kwa karatasi ya kawaida. Ikunje. Mpe mtu mwingine aiangalie, majina na nyuso, kwa sababu macho yako yameshazoea makosa yako. Rekebisha faili, ndio utoe ile karatasi nzuri.

Ukishafanya hayo yote na bado itoke vibaya, sasa tukana printa. Nitakusaidia.