Damu Isiyotoka Umioni

Tunawafundisha wanafunzi kwamba vena huirudisha damu moyoni. Vena potali haiifuati kanuni hiyo: hukusanya damu ya tumbo, utumbo na wengu, kisha huipeleka kwanza katika ini, ambako hugawanyika tena kuwa mishipa midogo sana. Aghalabu mwalimu hulipita jambo hili upesi. Naona hukosea.

Kandokando ya Ziwa Viktoria, kichocho cha utumbo ni sababu kubwa ya kuzibika kwa njia hiyo. Minyoo ya Schistosoma mansoni huishi katika vena za utumbo. Baadhi ya mayai yake huchukuliwa na damu hadi ini, yakanasa katika vijitawi vya vena potali, na makovu yakajengeka kuyazunguka. Seli za ini huweza kubaki na afya kwa miaka mingi, lakini damu haipiti kwa urahisi. Shinikizo hupanda, wengu huvimba, na damu hujitafutia vijia vya pembeni, katika vena ambazo hazikuumbwa kwa mzigo huo.

Mahali panapojulikana zaidi ni umio, na mgonjwa hutapika damu. Hata hivyo, vena huweza kutanuka vilevile katika duodeni, utumbo mpana, puru, na hata kuzunguka kitovu. Katika kila wagonjwa 100 wanaovuja damu kutokana na vena za namna hii, 1 hadi 5 huvujia mahali pasipo pa kawaida. Ni wachache, nakiri; lakini daktari akichungulia umio na tumbo asione kitu, chanzo huweza kumponyoka.

Penye kosa lililo karibu nasi zaidi ni puru. Vitabu vingi vya zamani vilisema kwamba bawasiri huletwa na shinikizo la vena potali. Sivyo. Bawasiri ni nyama laini za kawaida za mkundu zilizovimba na kuteremka; vena zilizotanuka kwa shinikizo ni kitu kingine, ingawa kwa macho hufanana. Mgonjwa wa ini akikatwa vena hizo kwa kudhaniwa ana bawasiri, huweza kufa kwa kutokwa damu.

Basi mchoro wa kichocho ubaoni, wenye konokono, maji na ngozi, usiishie pale kimelea kinapopenya ngozi. Ufike katika ini na kuipita. Mwanafunzi wa Ukerewe aliyeyaelewa hayo ataweza kumweleza daktari kwamba baba yake, anayetoa damu kinyesini, amekuwa mvuvi tangu utotoni.