Starehe za wageni Mara na hesabu ya mwenye ardhi

KATIKA orodha ya shughuli ambazo kambi za kifahari za Maasai Mara, nchini Kenya, huwapangia wageni wao, mambo matatu hayakosi siku hizi: kutembea nyikani kwa miguu, kutoka usiku kwa gari kumsaka chui kwa kurunzi, na kuacha barabara ili kumkaribia simba. Yote matatu yamekatazwa ndani ya Hifadhi ya Taifa inayosimamiwa na Serikali ya Kaunti ya Narok.

Basi wageni huyafanyia wapi? Huyafanyia katika ardhi ya wafugaji. Ranchi za pamoja zilizoizunguka hifadhi ziligawanywa, kila mwanachama akapata hati yake. Tangu 2006, ilipoanzishwa Olare Orok, wamiliki wamekuwa wakiviunganisha tena vipande hivyo na kuvikodisha kwa kampuni za utalii. Zikafuata Mara North, Naboisho na nyinginezo, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikazitambua rasmi kuwa hifadhi za jamii.

Kwa hiyo, matembezi ya asubuhi yanayouzwa kwa bei ya juu yanategemea kitu ambacho mwenye kambi hana, nacho ni ardhi isiyo na ua wala msongamano wa magari. Mgeni hulipia upweke. Julai 2025 zilienea picha za video kutoka upande wa Serengeti zikionyesha watalii walioshuka magarini na kujazana ukingoni mwa Mto Mara, wakiwazuia nyumbu kuvuka. Anayelipa maelfu ya dola hataki kuwa miongoni mwa umati ule.

Malipo nayo yatofautiana sana. Tangu Januari 2024, mgeni asiye mkazi wa Afrika Mashariki hulipa dola 100 kwa siku kuingia hifadhini, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Fedha hizo huenda kwa kaunti, na mwananchi wa kawaida husubiri barabara na zahanati. Katika hifadhi za jamii, mwenye hati hupokea kodi ya kila ekari, wageni wawe wengi au wachache. Mzee mwenye ng'ombe na watoto wa kusomesha aweza kuipanga fedha ya namna hiyo.

Tena kazi zimezaliwa. Chuo cha waongoza watalii cha Koiyaki, kilichofunguliwa 2005, kimewafunza vijana wa Kimaasai ambao leo ndio wanaowatembeza wageni na kuwasomea nyayo. Hapo awali kijana wa Mara alionekana zaidi akicheza ngoma mbele ya kambi. Ziara za manyatta zingaliko, lakini mapato yake ni kidogo, na ugomvi juu ya nani ayagawe ni wa miaka mingi.

Hata hivyo, mpango huu una nyufa. Wafugaji hubanwa kuhusu mahali na wakati wa kulisha mifugo, na katika kiangazi nyasi zilizotengewa swala na pundamilia huwa kishawishi kikubwa. Hati nyingi zimeandikwa majina ya wanaume. Mjane au mke asiye na hati huisikia kodi hiyo kwa mbali. Mwaka 2020 corona ilipozifunga kambi, baadhi ya hifadhi zililazimika kupunguza kodi, na ahadi ya malipo yasiyotegemea idadi ya wageni ikaonyesha mpaka wake.

Ushindani mkubwa zaidi watokana na ua wa waya. Kuanzia miaka ya 2010 nyua zimeongezeka kwa kasi katika ardhi zisizokodishwa, kwani mwenye hati ana uhuru wa kulima, kuuza au kuzungushia ua. Kila ua huwakatia njia wanyama ambao mgeni amekuja kuwatazama.

Mikataba ya kwanza, mingi yake ya miaka 15 hivi, imefikia ukomo au inakaribia, na mingine imekwisha kuhuishwa kwa muda mrefu zaidi. Wanaoketi mezani sasa ni pamoja na wana wa waliotia saini awali. Hao wamesoma, baadhi yao wamefanya kazi kambini, na wanajua vyema chumba kimoja hulipiwa kiasi gani kwa usiku mmoja.