Siku ya Tatu Mpe Jembe

Ndugu msomaji, wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu hulikumbuka neno hilo shemeji anapokawia mno sebuleni. Leo tulitazame kwa ajili ya mgeni asiyekuja kwa hiari yake: yule aliyetolewa kwake na maji ya mafuriko, au na mtutu wa bunduki.

Siku mbili za kwanza ni za turubai. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa siku moja hivi. Hapana serikali iwezayo kuwajengea nyumba watu wengi kiasi hicho kwa usiku mmoja. Kiwezekanacho ni turubai la plastiki la mita 4 kwa 5, miti ya kuliinua, na mfereji kulizunguka ili mvua isiwaloweshe watoto. Wataalamu wa misaada huhesabu walau mita 3.5 za mraba kwa kila mtu. Jamaa ya watu watano basi hupata mita 17.5, kama chumba kimoja kikubwa cha kupanga hapa mjini. Humo mama apate pa kubadilishia nguo, mgonjwa pa kujinyosha, na mlango uwezao kufungwa usiku.

Lakini siku ya tatu hufika. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Walifyeka pori, wakajenga nyumba kwa mikono yao, wakalima. Na ilipofika mwaka 1985 misaada ilikoma kwa kuwa walikwisha kujitosheleza. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 miongoni mwao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Kwa upande mwingine, kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, chini ya utaratibu uliowazuia kutoka kambini bila kibali. Watoto waliozaliwa humo wamekuwa watu wazima. Hao walipata paa, ila jembe hawakupata.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la mipakani tu. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowakumba wakazi wa mabonde ya Dar es Salaam, wengi wao walihamishiwa Mabwepande, wakapewa mahema na viwanja. Ulikuwa msaada mwema. Hata hivyo, mchuuzi aliyezoea kwenda Kariakoo kwa miguu sasa alihitaji nauli kila alfajiri, na baadhi yao walirudi bondeni. Tulio wafanyakazi wa mjini tusiwacheke. Jembe la mkazi wa mjini si kiwanja peke yake. Ni kazi iliyo karibu na mahali alalapo.

Basi, ndugu msomaji, mtaa wako utakapopatwa na msiba wa namna hii, siku ya kwanza peleka mkeka, ndoo, sufuria na khanga iliyo nzima, si matambara uliyotaka kuyatupa. Ikiwa watu wamelazwa katika madarasa ya shule, kumbuka kwamba watoto wana haki ya kuyarudia masomo yao. Kwa hiyo mwenye chumba cha ziada na akifungue. Siku ya tatu ikifika, usimwulize mgeni wako ataondoka lini. Mwulize alikuwa akifanya kazi gani. Akisema ni fundi, mtafutie cherehani. Akisema alikuwa na genge, msaidie kupata mtaji wa tenga moja la nyanya. Hapo utakuwa umempa jembe, naye ataijenga nyumba yake mwenyewe.