Maji ya mabati ya masomo tusimtupie jirani

Huku Bunia komite ya wazazi ikiona maji yanaharibu kiwanja cha masomo, haraka inachangisha makuta ya kanivo ya simenti. Mimi nasema: kabla ya kununua mfuko hata moja, tuulize kanivo itapeleka maji wapi. Mara nyingi iko inayapeleka kwenye mihogo ya yule anayelima chini ya masomo, halafu mtoni Nyamukau pamoja na udongo mzuri wa juu. Na hapa Ituri tunajua ugomvi wa shamba unaweza kufika wapi.

Tupige hesabu. Mvua ya milimita moja juu ya meta mraba moja ni lita moja. Mabati ya meta 40 kwa 8 yakipata milimita 30, lita 9.600 zinashuka. Njo mapipa 48!

Badala ya kanivo, tuchimbe bustani ya mvua: shimo pana la meta 10 kwa 6, kina sentimita 20 tu. Linabeba lita 12.000. Liwe mbali na ukuta na choo, na fasi ya maji kutokea ipangwe mawe. Kwanza pimeni: chimba kashimo ka sentimita 30, jaza maji, rudi kesho. Kama maji bado iko, tafuteni fasi ingine.

Wamama wanaogopa mbu, na wana haki. Lakini mbu anahitaji karibu juma nzima ndani ya maji ili akomae. Udongo ukinywa maji kwa siku moja ao mbili, hapati nafasi. Kanivo iliyozibwa na masashe, hiyo ndiyo inazaa mbu.

Kwa mimea, najua wengi watataka eukaliptusi kwa sababu inauzwa. Mimi nakataa. Inakunywa maji mingi, na chini yake udongo unabaki uchi. Tuchukue vya kwetu: ndani, majani ya mabondeni, pembeni, matete, yakatwe mapema kwa ajili ya mbuzi (na nyoka wasijifiche), juu ya ukingo, drasena ile ya mipaka, na Markhamia lutea ya maua ya manjano, ambayo nayo inatoa miti ya kujengea.

Kazi ni ya salongo, mvua ikianza. Jirani wa chini aitwe tangu siku ya kwanza, na udongo utakaojaa shimoni urudishwe kwenye mihogo yake.