Rula Iwe Ndani ya Jeli

Picha ya hadubini huja na mstari mfupi pembeni unaomweleza msomaji kwamba urefu ule ni sawa na mikromita kadhaa katika sampuli, na kwa kawaida mstari huo haumtii mtu shaka, kwa sababu aliyekuza ni lenzi, na lenzi hupimwa kwa slaidi iliyochorwa vipimo ikabaki vilevile kwa miaka. Katika hadubini ya utanuzi mambo ni mengine: sehemu kubwa ya ukuzaji hufanywa na sampuli yenyewe, ambayo hufungwa ndani ya jeli na kuvimbishwa kwa maji kabla haijatazamwa. Hoja inayofungua toleo hili ni kwamba hapo mstari wa pembeni hugeuka kuwa dai, na ushahidi wa dai hilo hauna budi kutoka katika jeli ileile iliyopigwa picha.

Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 2015 na Fei Chen, Paul Tillberg na Edward Boyden wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, ikiwa jibu kwa kikwazo alichokieleza Ernst Abbe mwaka 1873, yaani kwamba tabia ya mwanga huzifanya nukta mbili zilizokaribiana chini ya nanomita 200 hadi 250 zionekane kama moja. Watafiti hao waliiacha hadubini ilivyo wakaikuza sampuli. Walitumia akrileti ya sodiamu, kemikali ambayo ikiungana kuwa minyororo mirefu hufyonza maji kwa wingi, na ambayo mzazi yeyote anaifahamu bila kujua jina lake, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika nepi za kutupa. Protini za seli hunaswa kwenye minyororo ya jeli, tishu hulegezwa kwa kimeng'enya kinachokata protini au kwa joto pamoja na sabuni kali, kisha jeli huwekwa katika maji yasiyo na chumvi nayo hutanuka takriban mara nne na nusu kila upande, hata maumbo ya nanomita 70 hivi yakaanza kutofautishwa kwa hadubini ya kawaida ya rangi za kung'aa.

Kwa mji kama Moshi, wenye Hospitali ya Rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 na, jirani yake, taasisi ya utafiti wa tiba ya KCRI, mvuto wa mbinu isiyodai mashine ya bei kubwa hauhitaji kuelezwa. Kinachohitaji kuelezwa ni kwamba jeli hii hutii mazingira yake. Maji ya kaskazini mwa Tanzania hupita katika miamba ya volkano, na madini ya floridi yaliyoyageuza rangi meno ya watu wengi wa Arusha na wa baadhi ya maeneo ya Kilimanjaro yanajulikana sana. Chumvi za namna hiyo, zikisalia katika maji ambayo hayakusafishwa vizuri, huzima msukumano wa chaji baina ya minyororo, na kalsiamu hufanya zaidi ya hapo kwa kuishika minyororo miwili pamoja, hivyo jeli ikatanuka pungufu ya ilivyotarajiwa. Joto nalo lina neno lake. Maelekezo yanayotumiwa sana hudai nyuzi 95 za Selsiasi kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ilhali maji yanayochemka kwa 97 hivi mjini Moshi huchemka kwa takriban 94 kwenye lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beseni la maji ya moto lililo wazi huko halitafika nyuzi 95 hata lichochewe vipi. Protini zisipolegea sawasawa, sehemu iliyokaza huvuta iliyolegea, na umbo hupinda.

Ukubwa wa kosa huonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme maelekezo yanataja utanuzi wa 4.5, lakini jeli ilitanuka mara 4.1 tu: umbo lenye urefu wa mikromita 9 katika picha litaandikwa kuwa mikromita 2.0 wakati kwa kweli lilikuwa karibu 2.2. Kosa la asilimia 9 katika urefu laweza kuvumiliwa, ila katika ujazo, ambako urefu huzidishwa mara tatu kwa wenyewe, hukua na kufikia asilimia 24, na hapo mtafiti anaweza kutangaza kwamba dawa imesinyaza kiini cha seli ilhali kilichosinyaa ni jeli.

Ukaguzi uliozoeleka ni kuipiga picha seli moja kabla na baada ya kutanuliwa, kuzilinganisha kwa kompyuta, na kueleza tofauti kama sehemu ya umbali uliopimwa. Kwa njia hiyo watangulizi wa mbinu walipata asilimia 1 hadi 4. Matokeo hayo hunukuliwa kupita uwezo wake. Picha ya kabla imepigwa chini ya kikwazo cha Abbe, hivyo haiwezi kufichua mpindo wa nanomita 100, na huo ndio ukubwa ambao mbinu nzima ilibuniwa kwa ajili yake. Chini ya mpaka huo hutakiwa rula iliyomo ndani ya seli: sentrioli, kiungo chenye umbo la pipa na kipenyo cha zaidi kidogo ya nanomita 200, ambacho pande zake tisa hufichua mara moja kama jeli imevutwa upande mmoja, au matundu ya utando wa kiini, yenye upana wa nanomita 120 hivi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi walieleza njia nyingine, ya kuchapa gridi ya protini juu ya kioo ili inaswe na jeli na kutanuka pamoja na seli, ikawa ramani ya kila mpindo. Hata rula hizi hazikubaliani daima: utanuzi unaosomwa kwenye tundu la kiini si lazima ulingane na ule wa jeli nzima uliopimwa kwa rula ya mezani, na viungo vya seli moja vyaweza kutofautiana.

Hapo ndipo suala linapogusa ugonjwa ambao wapimaji wa mkoa wa Kilimanjaro wameufuatilia kuanzia mashamba ya mpunga ya Mabogini hadi vijiji vya Rombo, kwa kuwa mlima hugawa malaria kwa mwinuko. Hadubini ya utanuzi imeshatumiwa kwa vimelea vyake, na mwaka 2021 watafiti wa Geneva waliionyesha mifupa ya ndani ya vimelea hivyo kwa undani uliokuwa mgumu kuupata kabla ya hapo. Lakini kimelea kinachozaliana ndani ya damu ya binadamu hakina sentrioli, na chembe nyekundu inayokihifadhi haina hata kiini. Rula iliyo karibu zaidi katika jeli hiyo ni chembe nyeupe.

Mtaalamu wa maabara atatabasamu, maana chembe nyeupe ndiyo rula yake ya siku zote. Vimelea huhesabiwa katika tone nene dhidi ya chembe nyeupe 200, kisha hesabu huzidishwa kwa 40 kwa kudhani kwamba kila mgonjwa ana chembe 8,000 katika mikrolita moja ya damu. Mtoto mwenye chembe 5,000, jambo lisilo geni katika malaria, akikutwa na vimelea 100, ataandikiwa 4,000 ingawa ana 2,500. Dhana hiyo ilikubaliwa kwa sababu ya uhaba wa vifaa, na ikadumu kwa sababu ya mazoea. Utanuzi wa 4.5 unaelekea kurithi kiti hichohicho, na hata pale chembe nyeupe itakapopimwa kwa haki ndani ya jeli, itakuwa imetoa ushahidi juu yake yenyewe kwanza, na juu ya jirani yake, chembe nyekundu yenye utando wa namna nyingine, kwa makisio.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya huzielemea maabara ndogo, na kwamba uhakiki uachiwe wenye uwezo. Hoja hiyo imeshika upande usio wake, kwa sababu maabara inayobadilisha chanzo cha maji, kopo la kemikali na chombo cha joto mara kwa mara ndiyo isiyoweza kuazima namba ya maabara nyingine. Gridi ya Utrecht haitapatikana kila mahali, na haidaiwi. Kinachodaiwa kwa makala zitakazoletwa ni kipimo cha utanuzi cha kila jeli pamoja na tofauti kati ya jeli na jeli, maelezo ya maji na joto vilivyotumika, jina la rula ya ndani iliyosomwa na umbali wake kutoka kwenye kitu kinachozungumziwa, na walau picha moja ya kabla iliyopigwa kwa lenzi ndogo. Makala isiyo na vitu hivyo itaweza kuchapishwa, lakini vipimo vyake vitaandikwa kama vilivyosomwa katika jeli iliyovimba, bila kugawanywa kwa namba yoyote.